Faili la CSV: Python ikisie au isikisie?

Faili la CSV ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma. Halisemi kama safu hii ni namba, tarehe au jina. Nani basi aamue?

Moduli ya csv, kipande cha msimbo kinachokuja na lugha ya programu ya Python tangu toleo la 2.3 mwaka 2003, haiamui chochote. Kila kitu inakurudishia kama maandishi. Ukijumlisha 200 na 300 bila kuzigeuza kwanza, unapata 200300. Ni kero, sikatai. Maktaba ya pandas, mkusanyiko wa zana za Python za kuchambua data, inapitia kila safu na kukisia yenyewe: unaita amri yake ya read_csv mara moja tu, unaanza kupiga wastani. Mtu mwenye mauzo ya mwaka mzima na kikao saa nne asubuhi, kumwambia aandike kitanzi, yaani msimbo wa kupitia faili mstari kwa mstari, ni kumwonea.

Lakini kisio likikosea halipigi kelele. Chukua orodha ya wateja yenye namba za simu zinazoanza na 0712. pandas inaona tarakimu tupu, inazichukulia kuwa namba za hesabu, sifuri ya mbele inapotea. Akitokea mteja mmoja asiye na simu, safu nzima inageuka desimali, na ukiliandika faili upya kila namba inaishia na “.0”. Haya, watumie SMS! Namibia nayo, ambayo msimbo wake wa nchi ni NA, inasomwa kama nafasi isiyo na kitu, maana kwa pandas NA ni alama ya data isiyokuwepo. Na si pandas peke yake: mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu, HGNC, ilitangaza kuwa jeni ya MARCH1 sasa ni MARCHF1, maana Excel ilikuwa ikiigeuza tarehe.

Watetezi wa pandas watakwambia uweke dtype=str, yaani kila kitu kisomwe kama maandishi. Simu zitapona, Namibia bado; hiyo inataka keep_default_na=False, yaani NA isichukuliwe kuwa pengo. Dawa zipo, ila anayezikumbuka ni yule aliyekwisha kuumia.

Kwangu mimi, faili la kuhesabia tu, pandas ikisie. Faili litakaloandikwa upya na kupelekwa kwenye mfumo mwingine, natumia csv, ambayo pia husoma mstari mmoja mmoja bila kujaza RAM ya laptopu. Nayo ina vituko vyake: ukifungua faili la kuandikia kwenye Windows bila newline='', Excel itakuonyesha mstari mtupu baada ya kila mteja.