Kilomita 74 haziwatoshi wasichana hawa

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 27 Septemba 2025, nilikuwa nimesimama Kimihurura, Kigali, pale mlima wa barabara ya mawe unapoanza. Wasichana chipukizi walikuwa wanapita na baiskeli zao wakitafuta ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani. Jirani yangu kwenye uzio, mtu mzima mwenye adabu zake, akaniinamia akasema: "Dada, hawa wanatupashia barabara moto tu. Wenyewe wanakuja mchana."

Sikumjibu wakati ule. Maneno yalinikaa kooni.

Mawe yale si mchezo. Ni kilomita moja na ushee ya kupanda tu, na unasikia mnyororo unavyogonga fremu hata kabla hujamwona mpandaji. Msichana mmoja aliyekuwa ameachwa na kundi alipita karibu yangu kiasi cha kumgusa. Mdomo wazi, chumvi ya jasho imekauka kwenye kamba ya kofia, vidole vimekamata usukani mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Hakuangalia watu. Aliangalia jiwe lililo mbele yake, kisha lililofuata. Mbio hizi ni za umri wa miaka 17 na 18. Mtoto wa umri huo anapanda mlima ule ule atakaoupanda bingwa wa dunia wa wanaume kesho yake, halafu anaambiwa anapasha barabara moto!

Lakini jirani yangu simlaumu sana. Waliomfundisha kufikiri hivyo ni wenye mashindano wenyewe, kwa namba walizoziandika kwenye ratiba. Wasichana: kilomita 74, mizunguko mitano. Wavulana wa umri ule ule, waliokimbia Ijumaa, siku moja kabla: kilomita 119.3, mizunguko minane. Kanuni za UCI, chama cha baiskeli cha dunia, ndivyo zinavyosema, wasichana chipukizi wasivuke kilomita 80 kwenye ubingwa wa dunia, wavulana waende hadi 140. Hapo ndipo ninapochukia. Miaka sawa, mlima sawa, jua sawa, hewa ileile nyepesi ya Kigali iliyo mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, halafu mmoja anasimamishwa mwenzake akiwa bado ana mizunguko mitatu mbele.

Nani alipima mapafu ya wasichana hawa akaona yanaishia kilomita 80? Mtazame Amalie Dideriksen wa Denmark. Alishinda ubingwa wa dunia wa chipukizi mwaka 2013 kule Florence, akaurudia 2014 kule Ponferrada. Mwaka 2016, akiwa na miaka 20, akashinda ubingwa wa wanawake wakubwa Doha, mbio za zaidi ya kilomita 130. Ni miaka miwili tu. Mwili haukugeuka kuwa mwingine ndani ya miaka miwili. Uwezo ulikuwepo tangu mwanzo, kilichokosekana ni barabara ya kuuonyesha. Mtazame pia Zoe Bäckstedt, bingwa wa wasichana chipukizi kule Wollongong, Australia, mwaka 2022: alichomoka mapema, akaenda peke yake mpaka mstarini. Wenzake wangekuwa na mizunguko mitatu zaidi wangemkamata? Pengine. Pengine angewaacha mbali zaidi. Hizo ndizo mbio zenyewe, na hatukuziona.

Mbio za barabarani ni za kuchosha watu kwanza, kisha kuuliza maswali. Ukizikata kabla uchovu haujaingia kwenye mifupa, unawanyima ushindi wale ambao nguvu yao ni kudumu. Hapa simpunguzii Paula Ostiz hata chembe. Huyu Mhispania alikuwa wa pili Zurich mwaka 2024 nyuma ya Cat Ferguson, akarudi Kigali akaichukua jezi ya upinde wa mvua, ile ya bingwa wa dunia, kwa kasi za mwisho, na ni yake kwa haki. Ninachosema ni kwamba yeye mwenyewe alistahili mbio ndefu zaidi za kushinda.

Nakubali jambo moja, tena kwa shingo upande. Zipo nchi ambazo msichana wa miaka 17 hana mbio za kukimbia mwaka mzima, na kumtupa kwenye kilomita 120 ghafla ni kumwonea. Sawa. Basi wapewe mbio huko makwao, na umbali uongezwe polepole mwaka hadi mwaka. Wavulana wanatoka nchi hizohizo, na sijasikia mtu akiwapunguzia kwa sababu hiyo.

Na asije mtu akaniambia ufupi ni usalama. Siku ileile niliyosimama Kimihurura, ulikuwa umetimia mwaka mmoja tangu Muriel Furrer afariki. Alikuwa na miaka 18, anakimbia nyumbani kwao Uswisi, kwenye mbio hizihizi za wasichana chipukizi. Alianguka msituni siku ya mvua, na muda ukapita bila mtu kujua yuko wapi. Zile nazo hazikufika kilomita 80. Ufupi haukumlinda. Kilichotakiwa kilikuwa jicho la kumwona amepotea. Kigali kila mpandaji alibeba kifaa cha kuonyesha alipo, na kila nilipoona wanapita nilimkumbuka yeye. Hilo limefanyika, ingawa kwa gharama ambayo hakuna mzazi anayepaswa kuilipa.

Nimefurahi pia kwamba wanawake wa chini ya miaka 23 walipata mbio zao wenyewe kwa mara ya kwanza mwaka huo wa 2025. Kumbe ratiba inabadilika watu wakitaka.

Mchana wanawake wakubwa wakaja, mizunguko kumi na moja. Jirani yangu alikuwa bado yupo, anahesabu kwa vidole kila wanapopita. Walipopita mara ya sita akanigeukia, uso umechangamka: "Sasa ndiyo mbio zinaanza."

Nikamwambia, "Mzee wangu, wale wasichana wa asubuhi walisimamishwa kabla ya kufika hapa."

Akaviangalia vidole vyake, akahesabu tena.