Imebaki Vifungo Tu

Najua mshapata stori kutoka kwa Mama Chapo, ati nilijificha chini ya cherehani. Uongo! Niliinama kutafuta sindano. Sasa sikieni yangu.

Wiki mbili nzima nimemwambia mteja mmoja wa ruracio, ile sherehe ya mahari, "Mama, nguo iko tayari, imebaki vifungo tu." Mafundi wenzangu wa Kawangware, msijifanye watakatifu, hiyo ndiyo salamu yetu. Alhamisi akapiga tena. Mdomo umejaa chapati madondo, nikamwambia niko juu yake saa hii, nikakanyaga cherehani tupu aisikie. Kijana wangu wa miaka sita, shule zimefungwa, amejilaza kwenye vitambaa ananitazama.

Kumbe mama alikuwa ashashuka stejini, pale pa matatu za 46. Dakika tatu, huyo mlangoni.

"Fundi, lete niipime hivyo hivyo."

"Iko kwa ovaloki, mama."

"Baba, haiko kwa ovaloki! Si ndiyo hii mto wangu?"

Hapa niacheni niende polepole, maana hata usingizini naiona. Kijana anauvuta mfuko. Fundo ni lile lile alilofunga mama mwenyewe siku ya kuuleta. Mama analitazama. Mimi nalitazama. Mama Chapo ameacha kugeuza, chapati inaungua, wala hana habari. Kijana anafungua kwa meno. Kitenge kinatoka, yadi 6 kamili, kimekunjwa kama kilivyotoka dukani, na mate kidogo pembeni. Karatasi ya vipimo inaanguka kwenye kiatu cha mama.

Akaiokota. Akaisoma. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Fundi, kwani nguo yangu si ilikuwa ya zipu?"

Hapo ndipo sindano ilipopotea.

Na kijana kaninyooshea mkono. Jumatatu, baada ya kesi ya sukari, nilimwahidi kwamba kila akisema ukweli atapata mandazi.

Basi, nimeshona usiku mbili, Jumamosi alfajiri nikapanda boda mpaka Rongai kumpelekea, salio sikuthubutu kuitisha. Mandazi nililipa. Mama Chapo akaongeza mbili, za kwake, eti kwa kazi nzuri.

Na wewe wa suti ya bluu, najua unasoma hapa: yako hata sijaikata. Kijana ameketi kando yangu, ananitazama nikiandika.