Kompyuta imewasamehe wadeni wangu

Jamani mwezi ukiwa mkubwa huku ziwani dagaa hawavuliwi, nje kweupe taa haziwavuti, kwahiyo sisi tunaonunua pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, tunabaki kukaa tu na kuhesabu madeni. Ndo nikajichanganya kumwambia mpwa wangu yuko chuo anifundishe programu, niandike kakitu ka kuhesabu kilo na wadeni maana daftari limeshalowa mafuta. Akasema tuanze na lugha ya C mjomba, ndo msingi. Msingi wa nini hakusema.

Mama mwenye nyumba akaona taa inawaka saa 7 usiku akagonga, nikamwambia samahani mama naandika kodi. Alifurahi mpaka akaniletea uji. Mwisho wa mwezi kaja kuidai.

Haya, hiyo programu yenyewe mistari 12. Kompaila, ile inayogeuza ulichoandika kiwe programu, ikasema kosa liko mstari wa 9, nikaukodolea macho nusu saa, nikaufuta, nikauandika upya, bado. Mpwa kaja kanyooshea mstari wa 8, nukta mkato (;) haipo mwishoni. Sasa we mwizi yuko nyumba ya 8 unagongaje ya 9? Kwa hasira nikaanza kuzimwaga nukta mkato kila mahali kama chumvi, hadi baada ya mabano ya for, ile amri ya kurudia kazi, na hapo sasa haikulalamika hata kidogo! Ikazunguka patupu mara 5 halafu ndo ikaja kupiga kazi mara moja, kama kibarua mmoja wangu namjua.

Nikaandika scanf("%d", kilo) ya kupokea namba, nikaingiza 40, enta, segimentesheni folti, programu imekufa. Eti nimesahau & mbele ya kilo. Kumbe kale kaalama ndo anwani, bila hako ni umempa boda mzigo hujamtajia nyumba, na ye badala akupigie simu anaenda kuvunja mlango wowote anaouona, anadakwa. Na kwa mawe ya mtaa wa Mabatini yalivyopandana huko juu, boda hata ukimwelekeza anapotea, sembuse hivyo.

Mitumbwi ninayonunua ni 5. C inahesabu kuanzia 0, sijui nani alianza kula ugali wa sifuri, kwahiyo wa mwisho ni namba 4, mimi nikaandika i <= 5, yaani hadi 5 yenyewe. Ikanitolea mtumbwi wa 6 umeleta kilo 32767! Wafanyakazi hewa nimewasikia, mtumbwi hewa ndo naona kwangu. 7 gawa kwa 2 nayo inasema 3, ile nusu nikamshuku paka, kumbe namba nzima hazina nusu mpaka uandike 2.0.

Yote hayo nilivumilia. Iliyoniua ni ya madeni. Mama lishe mmoja anadaiwa elfu 18 ya dagaa, alikuwa amekaa pembeni yangu anaangalia, nikaandika if (deni = 0) chapa asante, la sivyo chapa anadaiwa kiasi gani. Ikachapa: unadaiwa shilingi 0. Akaisoma kwa sauti. Nikawapitisha wadeni wote, wote wanadaiwa 0! Mpwa anacheka machozi yanamtoka, eti mjomba = moja inaweka, == mbili ndo zinauliza. Yaani mi nauliza deni limeisha, yenyewe inalifuta kwanza, halafu 0 kwake ni hapana, kwahiyo inajibu hapana bado anadaiwa, anadaiwa sifuri. Dennis Ritchie aliyeitengeneza kule Bell Labs Marekani miaka ya 1972 angewahi kukopesha dagaa hata siku moja asingeacha alama hizo mbili zifanane hivyo.

Na kinachouma zaidi, mpwa akaandika gcc -Wall, yaani kompaila toa maonyo, ikatoa onyo palepale kwenye ile =. Kumbe ilikuwa inajua! Siku zote inajua imenyamaza, mpaka uiombe ndo iseme.

Nimerekebisha, inahesabu vizuri sasa. Jana nikaenda kula kwa yule mama lishe, wali dagaa, dagaa wangu walewale, akanidai elfu 2 keshi. Nikamwambia dada si ukate kwenye deni. Akafuta mikono kwenye kanga, akatoa simu, akanionyesha picha ya skrini yangu.