Acheni kuitetea Koriolisi kwa beseni, kusi tunayo

Huu mjadala hauishi mtandaoni. Mmoja anasema dunia haizunguki na graviti, yaani mvutano wa dunia, ni hadithi ya darasani, halafu mwingine anakuja mbio na klipu ya Nanyuki, ule mji wa Kenya ulio kwenye ikweta, jamaa ana beseni lenye tundu na kijiti cha kiberiti kinaelea, upande huu wa ikweta maji yanazunguka hivi, akitembea hatua kadhaa akavuka mstari yanazunguka kinyume, eti hiyo ndo Koriolisi, yaani ule mpindo ambao mzunguko wa dunia unavipa vitu vinavyosafiri, kaskazini mwa ikweta upande mmoja na kusini kinyume chake. Mimi niko upande wa huyo anayejibu, na ndo maana inaniuma, maana ushahidi aliouleta ni mbovu.

Nimesimama pale Nanyuki mwenyewe. Nikaacha kuangalia kijiti nikaangalia mikono. Anavyomimina maji, anavyogeuka na beseni kabla hajaachia tundu, huo mzunguko kidogo unabaki ndani ya maji na yakianza kutoka unakua. Hapo ikweta Koriolisi ya kuzungusha maji ya beseni ni karibu sifuri, hatua ishirini huku au kule hazibadilishi kitu. Sasa mbishi akilijua hilo anasema si mmeona, wametudanganya, basi na graviti nayo ni uongo. Kosa aliloliona ni la kweli kabisa, ila amelibeba mpaka lisipofika.

Maji yanaweza kuonyesha, ila kwa subira. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa MIT kule Marekani alijaza tangi la upana wa karibu mita 1.8, akalifunika, akayaacha maji yatulie saa 24, ndipo akayaachia kwa tundu dogo, yakachukua kama dakika 20 kuisha na mpaka karibu na mwisho ndo yakaanza kuzunguka kinyume cha saa. Mwaka 1965 watafiti wengine wakafanya hivyohivyo Sydney kule Australia, kusini mwa ikweta, yakafuata mwendo wa saa.

Lakini sisi watu wa pwani beseni la nini jamani, upepo tunao! Kusi huku kwetu inatoka kusini mashariki, ikishavuka ikweta na kupita Somalia inapinda, kufika Bahari ya Arabu inavuma kutoka kusini magharibi, na majahazi yamefika Oman na India kwa huo mpindo miaka na miaka. Kwa nini upinde? Ardhi ya ikweta inakwenda mashariki kama kilomita 1,670 kwa saa, ukiiacha ikweta ardhi inakwenda polepole zaidi, kwa hiyo upepo unaotoka ikweta kwenda kaskazini unaitangulia ardhi kuelekea mashariki, na ule unaotoka kusini kuja ikweta unaachwa nyuma upande wa magharibi. Tazama pia picha za setilaiti, kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilichokuja mpaka karibu na Mafia kinazunguka kwa mwendo wa saa, kimbunga Mekunu kilichoipiga Salalah kule Oman, kaskazini mwa ikweta, Mei 2018 kinazunguka kinyume. Hayo mawingu hakuna mtu aliyeyamimina.

Graviti je? Wabishi wanasema hakuna mvutano, vitu vinashuka kwa sababu vina densiti, yaani uzito kwa ujazo uleule, kubwa kuliko hewa, basi. Mdogo wangu alinishikilia hapohapo likizo nzima. Tukachukua chupa ya maji ya nusu lita, tukaitoboa kwa msumari wa moto karibu na kitako, kifuniko tukatoa. Ukiishika maji yanachuruzika. Akapanda ghorofa ya pili akaiachia, mimi chini narekodi na simu kwa mwendo wa taratibu, na kwenye video inaonekana wazi kabisa, chupa ikiachiwa tu mchirizi unakatika, maji na chupa vinashuka pamoja maana graviti inavivuta sawasawa, hakuna kinachomkandamiza mwenzake. Densiti ya maji haikubadilika njiani, tundu ni lilelile, hewa ni ileile. Sasa kama ni densiti tu, kwa nini yaliacha kutoka? Yeye bado hajanijibu, na wewe wa densiti unayesoma hapa naomba unijibu hilo kwanza kabla hatujaenda kwingine.