Acheni majina yapite

Hii tabia ya kunyakua rimoti mara tu majina yanapoanza kupanda mwishoni mwa filamu inanikera kweli. Hapa kwetu Manyatta, Kisumu, Jumamosi usiku tunajipanga: taa zinazimwa, simu zinawekwa juu ya kabati, njugu na chai ya themosi ziko tayari. Hakuna kuongea. Juzi tuliweka Supa Modo, ile filamu ya mwongozaji Likarion Wainaina ya 2018, ya mtoto mgonjwa anayetamani kuwa shujaa mpaka kijiji kizima kinamtengenezea filamu. Imeisha, shangazi bado anafuta machozi kwa pindo la leso, mara binamu yangu kabadilisha chaneli. Mpira. Tena marudio!

Jamani, hayo majina ni ya watu. Aliyeshika kamera, aliyeshona nguo, aliyenasa sauti, wengi wao hapo ndipo pekee wanapotajwa. Na ule muziki umewekwa makusudi, moyo utulie kwanza kabla hujaulizwa nani ataosha vikombe. Ni dakika chache tu! Ukishindwa kungoja, toka nje ukapige simu zako, lakini rimoti uiache mezani.