Nani atakata utepe wa misumari?

Jumamosi tuliitwa kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu, huku Mbagala. Tulipangiwa darasa la nne B, tukaishia chini ya mwarobaini. Usiku mvua ilikuwa imenyesha ndani ya darasa. Sisemi kuvuja, nasema kunyesha. Sakafuni maji ya kuoshea miguu, juu silingi bodi inaning'inia kama ulimi wa mbwa aliyekimbizwa.

Nikaingia kuchungulia, maana kabla ya kufungua duka nimeshika nyundo miaka mingi. Bati tatu zimeachia. Tatu tu! Misumari imeliwa na kutu, upepo ukanyanyua, basi. Masika ya kwanza ungemaliza kazi kwa kilo mbili za misumari ya bati, ngazi ya kuazima na fundi wa asubuhi moja. Sasa ni masika ya pili. Mbao za kenchi ukizibonyeza kwa kidole zinabonyea, lipu imevimba, na hapo hakuna tena kugongelea, ni kuezua paa zima.

Tulipombana mwalimu mkuu akajibu kwa upole: "Wazazi wangu, fungu la ukarabati ni hiyohiyo ruzuku."

Ruzuku yenyewe tunaijua. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, mtoto wa msingi alihesabiwa shilingi 10,000 kwa mwaka. 4,000 za vitabu zikabaki juu serikalini, 6,000 zikaja shuleni. Mia tano kwa mwezi! Kwa Dar hii, chapati moja, na chai utajijua. Humo humo kuna karatasi za mitihani, chaki, michezo, kalamu za ofisini, ndipo mwisho wa foleni lisimame paa. Tena hesabu hiyo inafuata vichwa vya watoto. Majengo hayahesabiwi. Shule ya enzi za UPE, ile elimu ya msingi kwa wote ya miaka ya sabini, inayobomoka kila kona, na shule iliyopakwa rangi juzi, zikiwa na watoto sawa zinapata sawa. Ni nani huyo aliyekaa mezani akaona bati la miaka ya sabini na bati la jana yana njaa moja?

Haya, najua mtaniambia serikali imejenga. Imejenga. Mkopo wa IMF wa mwaka 2021, ule wa UVIKO, ulileta madarasa 15,000 nchi nzima, na sekondari kongwe ya Pugu nayo ilikarabatiwa. Sibishi. Hata kwetu vyumba vipya vipo, na siku ya kuvizindua tulifunga turubai, kwaya ikaimba, mgeni rasmi akaja na msafara akakata utepe. Sasa nani atakuja na msafara kukata utepe wa kilo mbili za misumari? Vyumba hivyo hivyo gata imeshang'oka, maji yanachimba msingi, na kila mtu anaipita kama haioni. Subirini, vitaitwa "chakavu", tutaomba vingine, turubai litafungwa tena.

Mzazi mmoja akasema tuchange. Wakaguna. Tangu Magufuli alipokemea michango mwaka 2018, neno lenyewe linatamkwa kwa kunong'ona.

Na kwa nini tuchange? Halmashauri za Dar zinakusanya kwenye masoko, stendi, na leseni yangu ya duka nailipia kila mwaka. Nataka bajeti yao iwe na mstari wa matengenezo peke yake, usiochanganywa na chaki, unaotaja shule kwa jina na paa kwa paa, ubandikwe kwenye ofisi ya kata tuusome. Diwani akija kuomba kura nimuulize mstari wa ngapi.

Wakati wa kuondoka nikamuuliza mwanangu huwa anakaa wapi. Akanionyesha dawati la pembeni. "Hapa baba. Ikinyesha tunahamia kwa nne A, tunakaa wanne wanne." Akalisema kama anayemwelekeza mgeni kituo cha daladala.