Mrabaha wa madini India: deni limekubaliwa, riba imefutwa

Katika Kiswahili neno kodi lina sura mbili: kuna kodi ya nyumba anayolipwa mwenye nyumba, na kuna kodi ya mapato inayokwenda serikalini. Huko India, tofauti ya hizo mbili imewashughulisha majaji kwa miaka 35, na majimbo yenye madini yamekaa muda wote huo yakisubiri fedha.

Swali lenyewe ni hili: mrabaha, yaani malipo anayotoa mchimbaji kwa mwenye madini, ni kodi ya serikali au ni pango kama la nyumba? Mwaka 1989, katika kesi ya kampuni ya India Cement na jimbo la Tamil Nadu, majaji 7 wa Mahakama ya Juu walisema ni kodi ya serikali. Na kwa kuwa viwango vya mrabaha hupangwa na serikali kuu kwa sheria ya madini ya 1957, majimbo yakazuiwa kuweka tozo yao juu yake. Mwaka 2004 majaji 5 waliisoma upya hukumu hiyo wakasema kuna maneno yaliyodondoka: kilichokusudiwa ni kwamba tozo inayowekwa juu ya mrabaha ndiyo kodi, si mrabaha wenyewe. Maneno machache yaliachwa kwenye karatasi, na kwa ajili yake majimbo yakakosa chanzo cha mapato miaka na miaka.

Julai 25, 2024 jopo la majaji 9 lilikata shauri, 8 kwa 1. Jaji Mkuu D.Y. Chandrachud aliandika kwamba mrabaha ni malipo ya mkataba: anayechimba anamlipa mwenye madini ili apewe haki ya kuchimba. Kwa hiyo majimbo yanaweza kutoza kodi haki za madini na ardhi yenye madini. Agosti 14 mahakama ikaruhusu malimbikizo yadaiwe kuanzia Aprili 1, 2005, yalipwe kwa awamu ndani ya miaka 12 kuanzia Aprili 1, 2026, na ikafuta riba na faini za kabla ya hukumu.

Upande wa wachimbaji una hoja nzito. Kampuni zilipanga bei na mikataba zikitegemea hukumu ya mahakama ya juu kabisa. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kuifuata sheria kama ilivyosomwa. Serikali kuu ilionya kwamba mashirika ya umma pekee yangetakiwa kutoa zaidi ya rupia bilioni 700, na mzigo huo ungeishia kwa mlaji, maana umeme mwingi wa India unatokana na makaa ya mawe. Jaji B.V. Nagarathna, aliyepinga peke yake, alihofia majimbo kushindana kutoza, bei za madini zikapanda ovyo kutoka jimbo moja hadi jingine. Hofu hiyo siidharau.

Lakini nenda Dhanbad, jimbo la Jharkhand. Kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Jharia moto umekuwa ukiwaka chini ya ardhi tangu 1916. Moshi unapenya kwenye nyufa karibu na nyumba za watu, na barabarani utawakuta wanaume wanasukuma baiskeli zilizosheheni magunia ya makaa, mzigo mzito kiasi kwamba haiwezekani kupanda, wakiyapeleka kuuza. Makaa ya hapo yameendesha viwanda vya nchi nzima. Ukiiangalia ardhi hiyo, huwezi kumwambia aliyebaki na mashimo na moshi kwamba pango lake lilikuwa hisani.

Kwa maoni yangu tarehe ya 2005 ni ya haki. Baada ya hukumu ya 2004 hakuna kampuni iliyoweza kusema haikujua kwamba jambo hilo lina utata. Kinachoniuma ni riba. Rupia ya 2005 ikilipwa mwaka 2037 si rupia ileile, na mtoto ambaye ingemjengea zahanati atakuwa ameshavuka miaka 30. Kumpa mdaiwa miaka 12 naelewa. Kumsamehe na thamani ya fedha iliyoyeyuka ni kumtwisha mdai gharama za shauri ambalo ameshinda.

Majimbo nayo yana la kujirekebisha. Waziri Kiongozi wa jimbo la Jharkhand, Hemant Soren, anadai rupia trilioni 1.36. Ukizichambua, takriban trilioni 1.01 ni fidia ya ardhi, bilioni 320 ni adhabu ya uchimbaji uliokiuka vibali, na mrabaha wa makaa yaliyooshwa ni bilioni 29 tu. Madai matatu yenye misingi tofauti ya kisheria yametiwa kwenye kapu moja, ikawa rahisi kwa serikali kuu kuliambia bunge, Desemba 2024, kwamba hakuna deni kama hilo. Jimbo lingetenganisha vitabu vyake, likadai kila fungu kwa ushahidi wake, mgodi kwa mgodi, mwaka kwa mwaka.

Na muda uliobaki si mrefu. Jharkhand imeshatunga sheria ya tozo ya ardhi yenye madini, rupia 100 kwa tani ya makaa ilipoanza. Ila Katiba ileile inayoyapa majimbo mamlaka hayo inaliruhusu Bunge kuyawekea mipaka, na serikali kuu ndiyo mmiliki wa mashirika yanayodaiwa.